Kuagiza pete, bangili au shanga kwa fundi mwenyewe: mwongozo kamili

Ukiwasikiliza watu wanaolalamika kuhusu vito vya mkono, ni wachache wanaogombana na uzuri wake. Utasikia pete imebana, bangili imepauka ndani ya mwezi, hereni zimewasha masikio, au kazi imekuja harusi imeshapita. Karibu yote hayo huzuilika kabla hela haijatoka mfukoni, kwa maswali ambayo fundi mzuri huyajibu bila kununa. Hapa nitashughulika na kazi tatu: fedha ya masonara wa pwani, shaba na mifupa ya karakana za Nairobi, na shanga. Dhahabu nitaigusa kwa mbali tu, maana anayeagiza dhahabu kwa kawaida huongozana na shangazi anayejua kuliko mwongozo wowote.

1. Mwendee fundi kwa kazi anayoijua

Fundi wa shanga si sonara, na sonara wa mikufu huenda asiwe mtu wa kupachika mawe. Kabla ya kuuliza bei, tazama anachokifanya kila siku.

Lamu, kwenye mtaa mkuu wa mji wa kale, wapo masonara wanaotengeneza pete za fedha zilizopachikwa vigae vya vyombo vya zamani vya kaure, vyenye maua ya buluu. Hiyo ni kazi yenye mkono wake, na huwezi kuiagiza kwa kila mtu. Unguja, ndani ya Mji Mkongwe, masonara wengi wamezoea bangili, mikufu na vipini. Kibera, Nairobi, kuna karakana zinazoyeyusha kufuli mbovu na koki za maji zilizotupwa ili kupata shaba ya njano, na zinazochonga mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni. Shanga utazipata kwa akina mama wa Kimaasai na Kisamburu, kuanzia Kajiado na Narok hadi Arusha, na katika Soko la Maasai la Nairobi ambalo huhama mahali kulingana na siku ya wiki.

Ukitaka kitu kinachochanganya kazi mbili, kwa mfano kidani cha shaba chenye mkanda wa shanga, uliza nani atafanya upande upi. Mara nyingi mmoja hununua sehemu kwa mwenzake. Hakuna ubaya, ila ujue ni nani wa kumrudia kikiharibika.

2. Hakikisha unazungumza na anayetengeneza

Kurasa nyingi za Instagram na Facebook zilizojaa maneno "kazi ya mkono" ni za wachuuzi wa mali iliyotoka kiwandani. Kuchuuza si dhambi, lakini mchuuzi hawezi kukupunguzia pete, na bei yake ina faida ya watu watatu ndani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuomba badiliko moja dogo. Omba mstari mmoja wa shanga uwe wa kijani badala ya chungwa, au bangili iwe pana kwa milimita mbili zaidi. Fundi atakuuliza swali, au atakwambia haiwezekani na sababu yake. Mchuuzi atakwambia "zipo hivi hivi tu, dada." Unaweza pia kuomba picha ya kazi nyingine ikiwa haijakamilika: pete kabla ya kusuguliwa, au mkufu ukiwa bado kwenye uzi. Na ile picha iliyokuvutia, ipitishe kwenye Google Lens uone kama imetapakaa kwenye maduka ya ng'ambo.

Kitu kikiwa mkononi, kigeuze. Upande wa nyuma ndio unaosema kweli. Kwenye fedha utaona palipounganishwa kwa kulehemu na alama za tupa zilizosuguliwa. Kwenye shanga utaona mafundo ya uzi. Mstari mwembamba ulionyooka ukizunguka ukingo mzima, tena sawasawa kwa kila kipande, unaonyesha kalibu ya kiwandani. Shaba ya Kibera nayo humiminwa kwenye kalibu, lakini baadaye husafishwa kwa tupa moja moja, kwa hiyo vipande viwili havifanani kabisa.

3. Uliza kimetengenezwa kwa nini, kisha pima

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo tutulie kidogo.

Fedha ya vito huwa na kiwango cha 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu ya kuipa ugumu. Fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku. Kwa dhahabu, karati 22 ni 916, karati 18 ni 750, na karati 9 ni 375, kwa hiyo karati 9 ina dhahabu chini ya nusu.

Muhuri wa 925 ni chuma kidogo cha kugongea ambacho mtu yeyote anaweza kukinunua. Uwepo wake ni jambo jema, ila usilale kwa sababu yake. Na kitu cha zamani kinaweza kukosa muhuri na kikawa fedha halali. Masonara wa Oman, Yemen na Ethiopia waliyeyusha sana riale za Maria Theresa, ile sarafu ya Austria yenye mwaka 1780 iliyozunguka hata Zanzibar. Riale moja ina uzito wa gramu 28 na kiwango cha takriban 833. Ukiambiwa kekee (bangili pana ya fedha) au mtali (wa mguuni) wa bibi "haufiki 925", huenda ni kweli, na bado si bandia.

Sumaku haitoshi. Itakufichulia chuma kilichochovywa fedha juu tu, lakini shaba haivutwi na sumaku wala fedha haivutwi. Tatizo kubwa zaidi ni ile inayoitwa fedha ya Kijerumani, mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki usio na chembe ya fedha. Inang'aa vizuri na sumaku haikusaidii, halafu nikeli yake ndiyo inayowawasha watu masikio.

Kipimo cha maji kinakata maneno. Unahitaji mizani ndogo ya kidijitali inayosoma angalau sehemu ya kumi ya gramu, kikombe cha maji na uzi. Pima bangili ikiwa kavu. Tuseme ni gramu 31. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga bangili kwa uzi, izamishe yote bila kugusa kitako wala kingo za kikombe, ukiushika uzi kwa mkono. Mizani itasoma namba ndogo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Ikisoma 3.0, jibu ni 10.3, na hapo ndipo fedha ya 925 inapokaa. Ikisoma 3.6, jibu ni 8.6, na hiyo ni shaba au ile ya Kijerumani. Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye jiwe, chenye uwazi ndani au chepesi sana kama kipini. Kwa vitu hivyo, mwombe sonara akisugue kwenye jiwe la kupimia na kutia tindikali mbele yako. Wengi hufanya hivyo kila siku wanaponunua vya watu.

Kwa shanga, uliza zimetoka wapi. Mafundi wengi husifu shanga za kioo za Jamhuri ya Czech, ambako mji wa Jablonec nad Nisou umekuwa ukizitengeneza kwa vizazi. Shanga hizo zinalingana ukubwa, kwa hiyo mistari hukaa kama imepigwa rula. Za bei ya chini huja nene na nyembamba pamoja, na nyingine zimepakwa rangi juu tu. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye kola ya gauni lako. Uliza na uzi: nailoni imara au waya vinadumu, uzi wa pamba huoza kwa jasho.

Mfupa wa ng'ombe ukiutazama karibu una vidoadoa na mistari mifupi ya vishimo. Plastiki ni laini mtupu.

Na kuna vitu vya kuviacha hapo hapo mezani hata muuzaji akiapa: pembe za ndovu, magamba ya ng'amba (aina ya kasa), singa za mkia wa tembo, matumbawe. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamfanya mwenye kumiliki nyara bila kibali kuwa mkosaji, na ng'amba na tembo wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, inayozuia biashara ya kuvuka mipaka. Uwanja wa ndege hawatakuuliza kama ulijua.

4. Vipimo

Pima kidole jioni, si asubuhi wala ukiwa umetoka kwenye kiyoyozi. Zungusha ukanda mwembamba wa karatasi, weka alama panapokutana, nyoosha, soma milimita, gawanya kwa 3.14. Milimita 54 za mzunguko ni kama 17.2 za kipenyo cha ndani. Ukanda upite pia kwenye fundo la kidole, maana hapo ndipo pete inapokwama. Usimtumie fundi namba ya saizi bila nchi yake. Saizi za Marekani ni namba, za Uingereza ni herufi, na milimita hazina ugomvi na mtu.

Bangili ngumu isiyofunguka hupimwa kwa mkono na si kifundo. Kunja dole gumba ndani ya kiganja kama unayetaka kuivaa, zungusha uzi kwenye mafundo ya vidole, gawanya kwa 3.14. Masonara wengi hutumia namba za Kihindi: 2.4 ni milimita 57, 2.6 ni 60, 2.8 ni 63.5, na 2.10 ni karibu 67. Angalia hiyo ya mwisho. Tarakimu baada ya nukta ni sehemu za kumi na sita za inchi, kwa hiyo 2.10 ni kubwa kuliko 2.8. Kuna bangili nyingi zinazolala kabatini kwa sababu mtu alidhani 2.10 ni ndogo kuliko zote.

Kikuku cha shanga: mzunguko wa kifundo, ongeza sentimita moja hadi moja na nusu.

5. Bei na namna ya kuipatana

Bei ya fedha ina vipande viwili: madini na ufundi. Madini unaweza kuyapiga hesabu mwenyewe. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1, kwa hiyo igawanye kwa 31.1, zidisha kwa 0.925, geuza iwe shilingi. Umepata bei ya gramu moja ya 925. Pete ya gramu 5.2 ina fedha tupu gramu 4.8. Kinachozidi hapo ni mikono, mkaa au gesi, fedha iliyopotea kwenye tupa, na kodi ya kibanda. Kwenye pete ndogo yenye nakshi, ufundi hushinda madini kwa mbali, na hiyo ni haki yake.

Siku ukitaka kuuza, utalipwa madini tu. Vito vya fedha vya mkono si akiba. Anayetaka akiba aende kwenye dhahabu isiyo na nakshi nyingi.

Ukipeleka fedha au dhahabu yako ya zamani iyeyushwe, ipimwe mbele yako, uzito uandikwe, na mkubaliane mapema upotevu utakuwa kiasi gani. Kazi ikiisha ipimwe tena.

Shanga hazina hesabu ya gramu. Unalipa siku za mtu. Ule mkufu mpana wa Kimaasai unaolala mabegani si kazi ya alasiri moja. Sokoni wanakopita watalii, bei ya kwanza huanzia juu na kupatana ni sehemu ya mazungumzo. Nyumbani kwa fundi au kwenye simu, bei huwa karibu na ukweli, na kumkata nusu kunamfanya akate mahali usipopaona: waya mwembamba zaidi, kishikizo cha bei poa. Hela ikiwa haitoshi, sema hivyo na uombe kitu chepesi zaidi. "Mama, nina kiasi hiki, unaweza kunifanyia cha namna gani?" Swali hilo hukupa kazi nzuri kuliko kukaza shingo.

6. Weka makubaliano kwenye ujumbe mmoja

Mazungumzo ya WhatsApp hutawanyika: picha juu, kipimo chini, bei kwenye sauti. Kabla ya arbuni, kusanya kila kitu mahali pamoja. Kwa mfano:

*"Habari za kazi, fundi. Nimependa ile pete ya nakshi ya majani. Naomba kama ile, fedha ya 925, isiyochovywa. Kipenyo cha ndani milimita 17, upana milimita 6, isipungue gramu 5. Naihitaji ifikapo tarehe 12. Naomba bei kamili pamoja na kutuma Tanga, na ikinibana tutafanyaje?"*

Fundi anayejua kazi atakujibu hivi:

*"Nzuri, dada. 925 ipo. Kwa upana huo tuongeze nusu milimita, pete pana hubana. Gramu 5 hadi 6. Nakshi nisiizungushe pete nzima, chini nitaacha patupu ili siku ya kupanua nipate pa kukata. Nusu kwanza, nusu nikikutumia picha. Kupanua mara moja ni bure."*

Tazama jibu lenyewe. Amekurekebisha kipimo, amefikiria matengenezo ya mbele, ametaja masharti ya hela. Ukipata jibu kama hilo, acha kutafuta bei ya chini zaidi kwingine. Ukijibiwa "usijali itakutosha tu", jali.

Kuhusu tarehe: kabla ya Idd, Desemba na msimu wa harusi, masonara hufurika. Kazi ya Idd ya baada ya Ramadhani iagize kabla mwezi wa mfungo haujaandama, na umpe fundi tarehe iliyo wiki moja kabla ya siku yako halisi.

7. Kulipa na kupokea

Arbuni ya nusu ni ya kawaida, maana lazima anunue madini. Fundi mgeni akidai yote mapema, omba mgawanye. Unapotuma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si lile unalolijua, simama uulize: inaweza kuwa laini ya mke wake, inaweza kuwa si yeye kabisa. Kubalianeni pia nani anabeba ya kutolea, jambo dogo linalonunisha watu wazima. Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na ule wa makubaliano.

Mzigo ukija kwa basi, omba picha ya risiti ya ofisi ya basi na namba ya gari, na uulize kabla kampuni hiyo inawajibika kiasi gani mzigo ukipotea. Pete ndogo ifungwe kwenye kiboksi kigumu, kwani bahasha hupondwa chini ya magunia. Mlioko Muscat, London au Minnesota, mwombeni fundi aandike yaliyomo kwa ukweli, "pete ya fedha, moja" na thamani yake, ili forodha wasije wakaishikilia. Mbegu, mbao na manyoya huleta maswali kwenye nchi kadhaa, hivyo angalia kanuni za ulipo kwanza.

Fungua mzigo huku unarekodi video. Pitisha kidole ukingoni utafute ncha zinazokwaruza. Funga na fungua kishikizo mara kadhaa. Tikisa jiwe au kigae karibu na sikio, kisicheze. Hereni zitazame zile ndoano zinazoingia sikioni, ambazo mara nyingi hununuliwa tayari na si kazi ya fundi. Kama una mzio wa nikeli, ungetakiwa uwe umeomba za fedha tangu hatua ya sita. Kuna kasoro? Andika siku hiyo hiyo, kwa adabu, na picha. "Fundi, kazi nzuri, ila kishikizo kinafunguka chenyewe, naomba unishauri" huleta suluhisho haraka kuliko kumwaga malalamiko chini ya picha zake.

8. Kutunza na kukarabati

Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani na mwilini, kwa hiyo weusi si ushahidi wa bandia. Iweke kwenye kifuko kinachozibwa, mbali na mipira ya kufungia vitu, kwani nayo huitia weusi. Kuisafisha: tandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, weka pete juu yake, nyunyiza magadi ya kuokea, mimina maji ya moto, subiri dakika chache, suuza. Usifanye hivyo kwa kitu ambacho fundi amekitia weusi makusudi ndani ya nakshi, maana utautoa wote, wala kwa chenye mfupa au kombe.

Shaba ikikuachia ukijani mkononi, haijakudhuru, ni jasho na shaba nyekundu iliyo ndani yake. Ndimu au ukwaju, kitambaa, suuza, kausha. Shanga zisilowekwe. Futa kwa kitambaa chenye unyevu na uzianike zikiwa zimelala, zikining'inizwa zinavuta uzi. Na udi, manukato na mafuta vitangulie, vito vije mwisho.

Kwa matengenezo, pete ya fedha iliyo tupu hupanuliwa kwa urahisi. Yenye kigae au jiwe ni kazi ngumu zaidi na ina gharama yake. Mkufu wa shanga uliokatika, usiutupe: kusanya shanga zote, hata zile za chini ya kochi, umpelekee mama aliyeushona autunge upya. Hereni moja ikipotea, fundi anaweza kukutengenezea mwenzake. Mpelekee iliyobaki yenyewe, picha haitoshi, kwa sababu unene wa waya hauonekani kwenye picha, na waya ukitofautiana hereni moja itaning'inia chini ya nyingine.